Daftari la Baba Watoto

Mimi ni mkunga katika zahanati ya serikali wilayani Mbinga, na ni Mkatoliki wa kusali kila Jumapili. Kazini, kila siku ya kliniki wanakuja akina mama kutaka sindano, kijiti, kitanzi au vidonge vya majira. Nyumbani, mimi na mume wangu tunapanga uzazi kwa kufuata ute wa ukeni. Wenzangu wananitania kwamba nauza nguo nisizovaa. Vijiti na vitanzi anaweka mwenzangu, tulikubaliana hivyo na mganga mfawidhi nilipohamia. Ushauri natoa mwenyewe, wa njia zote, kwa sababu mama aliyepanda mlima na mtoto mgongoni ana haki ya kueleweshwa kila njia inavyofanya kazi na inavyoweza kumsumbua.

Kwa kuwa nasimama pande zote mbili, watu huniuliza: hivi Kanisa lina shida gani na kupanga uzazi? Nawajibu kwamba Kanisa halina shida na kupanga uzazi, lina neno kuhusu namna ya kupanga. Shida yetu sisi waumini ni kwamba katazo la dawa na vifaa vya kuzuia mimba lilitufikia, na somo lililotakiwa kuja nalo likabaki njiani.

Niliyaona hayo nilipoanza kazi, kwenye kituo cha afya kinachoendeshwa na kanisa. Dawa za kuzuia mimba hazikuwepo pale, na nilielezwa hivyo tangu siku ya kuajiriwa. Kilichonishangaza ni kwamba hata njia ya asili haikufundishwa kwa utaratibu wowote. Mama mwenye mtoto wa miezi minne, anayeogopa mimba nyingine, aliambiwa tu, "Mama, hapa ni kwa kanisa, hizo nenda serikalini." Akaenda serikalini, akachoma sindano, akaacha kupokea komunyo. Hakuna aliyemwambia kwamba lipo jambo lingine angeweza kujifunza.

Semina yetu ya ndoa nayo ilikuwa vilevile. Tulifundishwa vizuri sana kuhusu sakramenti, uaminifu, hata mahari isigeuzwe biashara. Ilipofika zamu ya uzazi, mwezeshaji alichora duara ubaoni, akaandika namba kuanzia 1 hadi 28, akaizungushia 14 kwa chaki nyekundu. Hiyo ndiyo siku ya hatari, akasema, jihadharini siku chache kabla na chache baada. Tukaenda kula wali.

Hesabu hiyo ina chanzo chake. Miaka ya 1920 madaktari wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Inayofuata, jamani. Ile iliyopita haitusaidii kitu. Mwenye mzunguko wa siku 28 atafika kwenye namba ileile akihesabu mbele au nyuma. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake linatoka karibu na siku ya 21, na mumewe aliyesubiri kwa uvumilivu hadi siku ya 14 na ziada yake zipite anarudi kitandani katika wiki ileile aliyopaswa kuikwepa. Tena mbegu za mwanaume zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke, ingawa yai lenyewe halimalizi zaidi ya siku moja. Kijijini kwetu wapo watoto wanaoitwa kwa utani "Kalenda". Wazazi wao watakuapia kwamba njia ya Kanisa haifanyi kazi, na mimi nikiwauliza walifundishwa nini, wananitajia lile duara.

Aliyenifundisha mimi ni sista mmoja mzee, mkunga pale kituoni, ambaye alijifunza njia ya Billings angali kijana na akabaki nayo bila mtu wa kumrithisha. John Billings alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu mjini Melbourne, Australia. Mwaka 1953 padre mmoja alimwomba awasaidie wanandoa walioshindwa na hesabu za kalenda. Akaanza kufuatilia jambo ambalo wanawake wenyewe walikuwa wanaliona: ute wa ukeni hubadilika kadiri yai linavyokaribia kutoka. Baadaye mkewe Evelyn, daktari pia, akaingia katika kazi hiyo, na mbinu yao ikasafiri dunia nzima.

Kliniki hapa bado napokea wasichana wanaoomba dawa ya kutokwa na uchafu. Nikiwauliza vizuri, hakuna kuwasha, hakuna harufu, hakuna maumivu, na unakuja mara moja kwa mwezi kisha unaondoka. Huyo hana ugonjwa. Ana mwili unaofanya kazi, na hakuna aliyemwambia.

Somo lenyewe si refu. Sista hakuwa na vibandiko vya rangi wanavyotumia kwingine, alikuwa na daftari la shule na kalamu za rangi. Siku ya hedhi, nyekundu. Siku ya ukavu, kijani. Ukihisi mabadiliko, hata unyevu kidogo, unachora duara tupu na mnasubiri. Ute unazidi kuwa mwepesi, unateleza, unavutika kati ya vidole kama ule wa yai bichi. Siku ya mwisho ya utelezi ndiyo kilele, na utaijua kesho yake hali ikishabadilika. Baada ya kilele mnahesabu siku tatu, na kuanzia ya nne mko huru mpaka hedhi irudi. Zile siku kavu za mwanzo, kabla ute haujaanza, mnakutana jioni tu na kwa kuruka siku. Vijana hucheka wakisikia jioni. Sababu ni kwamba mwanamke anahitaji kushinda kutwa akisimama na kutembea ndipo ajue kweli ni mkavu, na kesho yake mabaki ya tendo yanaweza kumchanganya asijue lipi ni lipi.

Ipo pia njia ya kufuata ute huku mkipima na joto la mwili. Yai likishatoka, joto hupanda kidogo, kama nyuzi 0.2 hivi, na kubaki juu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wanawake 900, ulikuta kwamba wanaofuata ute na joto pamoja, na kujizuia kabisa siku za rutuba, walipata mimba 0.4 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Ukiwajumlisha wote, na wale waliolegeza masharti, ilikuwa 1.8. Hizo namba hazioni aibu mbele ya vidonge. Lakini wale walifundishwa kwa makini na kufuatiliwa, jambo ambalo duara la ubaoni haliwezi. Na kwangu mimi kipimajoto hakifai: nakesha zamu za usiku, na malaria haituachi, kwa hiyo joto langu linapanda kwa sababu zake lenyewe. Nimebaki na ute.

Sista alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote: mke anasema, mume anaandika. Mume wangu ni mkulima wa kahawa, na aliona jambo hilo halimhusu. "Sista, huyu ndiye nesi. Mimi niandike nini?" Sista akamtazama juu ya miwani yake. "Baba, mwili ni wake, watoto ni wenu. Andika."

Akaandika. Daftari lilitundikwa kwa uzi kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, kalamu zikiwa zimefungwa kwa mpira. Msimu wa kuvuna anarudi shambani vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa kahawa, ananawa, anaingia chumbani na kuniita. "Mama, leo rangi gani?" Kurasa za miezi ile zina alama za vidole vyake. Watoto waliamini muda mrefu kwamba ni hesabu za chama cha ushirika, ndiyo maana baba hataki lichezewe.

Sharti hilo lilibadilisha nyumba yetu kuliko mafundisho yote niliyowahi kusikia. Mwanaume anayeandika kila jioni anajua mke wake yuko wapi. Anajua kwa nini leo amechoka au kichwa kinamuuma. Hawezi kusema hakujua. Mimba yetu ya tatu tuliitafuta kwa daftari lilelile, maana duara tupu linaloonya ndilo linaloalika, inategemea mmeamua nini.

Sasa turudi kwenye fundisho lenyewe. Papa Paulo VI alitoa waraka wake wa Humanae Vitae, kuhusu ndoa na uzazi, tarehe 25 Julai 1968. Wengi wanaoutaja hawajausoma, ingawa ni mfupi, mchana mmoja unaumaliza. Namba 10 inazungumzia uzazi wenye kuwajibika, na inasema wazi kwamba wazazi wanaweza kuamua kwa busara na ukarimu kuwa na watoto wengi, au kwa sababu nzito na kwa kuheshimu sheria ya maadili, kutokuongeza mwingine kwa muda, hata kwa muda usiojulikana. Kwa hiyo wale wanaohubiri kwamba Mkatoliki mwema anazaa mpaka tumbo lichoke wamelitunga wenyewe. Papa Fransisko aliwaambia waandishi wa habari ndani ya ndege mwezi Januari 2015, akitoka Manila, kwamba wapo wanaodhani ili uwe Mkatoliki mzuri lazima uwe kama sungura, na sivyo.

Kiini kiko namba 12: tendo la ndoa lina maana mbili, kuwaunganisha mke na mume na kufungua mlango wa uhai, na mwanadamu asizitenganishe kwa hiari yake. Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo mwalimu mmoja wa sekondari aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni. "Baba Paroko, nia ni moja, kutozaa. Anayesubiri siku zipite na anayevaa kondomu wametofautiana nini?" Paroko akajibu kwamba anayesubiri halifanyi tendo, na anayevaa analifanya huku akilinyang'anya sehemu yake. Mwalimu hakuridhika, na siwezi kudai aliridhika. Akasema hata kuchagua siku ni kunyang'anya, ila kwa kutumia saa. Paroko akakubali jambo moja ambalo nililipenda: kwamba hata ute unaweza kutumika kwa ubinafsi, ndiyo maana waraka unadai sababu za haki, za mwili, za akili au za mazingira ya nje, hata kwa wanaosubiri. Mtu mwenye nafasi, afya na mke mwenye hamu ya mtoto, ambaye hataki tu usumbufu, hajaokolewa na daftari.

Mwalimu huyo alijua pia historia ambayo katekista wetu hakuipenda isemwe hadharani. Papa Yohane XXIII aliunda tume mwaka 1963 ya kuchunguza suala la uzazi, Paulo VI akaipanua, na kufikia 1966 wajumbe wengi walipendekeza katazo lilegezwe. Papa hakuwafuata. Sioni sababu ya kulificha. Mkristo aliyeambiwa kwamba jambo lilijadiliwa kwa uchungu, na aliyeamua akabeba lawama, ana heshima zaidi kwa uamuzi kuliko yule anayedhani ulishuka bila maswali. Na jambo lenyewe halikuanza naye. Papa Pius XI aliandika waraka wa Casti Connubii, wenye katazo hilohilo, mwezi Desemba 1930, miezi michache baada ya maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth kufungua mlango mdogo kwa njia za kuzuia mimba, na hata kabla ya hapo Wakristo wa makanisa mengi walikuwa na msimamo mmoja.

Namba 15 ndiyo ningependa ibandikwe mlangoni mwa kila kanisa. Inasema Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya ugonjwa, hata kama tiba hiyo inazuia mimba, mradi kuzuia mimba si lengo. Mama mmoja wa jumuiya ya jirani alikuwa akitokwa na damu nyingi sana, hospitali ikampa vidonge vya homoni kuizuia. Ni vidonge vya familia ileile ya majira. Mwenzake akaviona juu ya kabati, na Jumapili iliyofuata akaambiwa asipange foleni ya komunyo. Mama yule alikaa benchi miezi mizima, mgonjwa, akiona aibu kwa dawa. Nilimwendea na waraka mkononi, tukaenda kwa paroko pamoja, akarudishwa siku hiyohiyo. Waliomsengenya hawakuomba radhi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni baada ya kujifungua. Mama asiyeona hedhi, anayenyonyesha maziwa yake tu usiku na mchana, na mtoto hajafikisha miezi sita, ana kinga ya karibu asilimia 98. Masharti hayo matatu yaende pamoja. Likikosekana moja, hesabu imevunjika, na uji wa mapema ndio unaowaponza wengi. Baada ya miezi sita ute unarudi kwa vurugu, unakuja na kuondoka kabla mwili haujatulia, na hapo wanandoa husubiri muda mrefu.

Mama mkwe wangu hakuona la ajabu. "Mkwe wangu, sisi tulikuwa tunahama chumba mpaka mtoto atembee," aliniambia huku akimkanda mjukuu wake, "ukimbemenda mtoto utaulizwa na ukoo mzima." Kwa uuguzi wangu najua kinachomdhoofisha mtoto si tendo, ni kuachishwa ziwa ghafla mama akishika mimba nyingine na mtoto kubaki na ugali mtupu. Lakini bibi zetu walijua kutenganisha watoto, na waume zao walijua kusubiri, ingawa wengine walisubiria kwa mke wa pili. Kizazi chetu kimeacha desturi ile na hakikuweka kitu mahali pake.

Watu pia hujiita wa njia ya asili wakiwa na lao. Kuna shanga za kuhesabia mzunguko, 32 kwa jumla: moja nyekundu, za kahawia kwa siku salama, na nyeupe 12 kwa siku ya 8 hadi ya 19. Zinafaa kwa mwanamke ambaye mzunguko wake haupungui siku 26 wala kuzidi 32. Nazifundisha na nazipenda, hata asiyejua kusoma anaziweza. Ila wengi wakifika shanga nyeupe wanatumia kondomu. Kwa macho ya serikali wako sawa. Kwa macho ya Kanisa, njia ya asili ni pale mnapojizuia, na kujua siku ni nusu tu ya kazi.

Hiyo nusu ya pili ndiyo inayonifanya niwe na hasira na baadhi ya wahubiri wetu. Yupo mama anayekuja kwangu kila baada ya miezi mitatu kwa sindano, na anaichagua sindano kwa sababu haionekani. Kadi yake ya uzazi wa mpango ninaitunza mimi kabatini, asikutwe nayo. Mumewe anarudi kutoka kilabuni usiku, haulizi rangi wala siku, na mama akikataa anapigwa. Namfundisha nini huyo? Nimwambie achunguze ute? Atachunguza, ataona duara tupu, na mume hatajali. Kwenye nyumba ya namna ile njia ya asili haipo, kwa sababu njia ya asili ni watu wawili. Na mahubiri niliyoyasikia juu ya dhambi ya sindano yalielekezwa kwake, benchi la wanawake. Sijawahi kusikia yakielekezwa kwa mume wake, ilhali namba 17 ya waraka uleule inaonya juu ya mwanaume atakayemfanya mkewe chombo cha kujiridhisha. Papa alikuwa akiogopa kwamba dawa zingemfikisha huko. Huyu amefika bila dawa.

Nilimshauri aende maungamo aseme yote, pamoja na kipigo, asiseme sindano peke yake kana kwamba ndiyo habari nzima. Nilimpeleka pia kwa mtendaji wa kijiji na dawati la jinsia. Bado anakuja kwa sindano, na bado kadi yake iko kabatini kwangu.

Parokiani tumebadilisha kidogo. Nilimwomba paroko dakika kumi za duara zifutwe, na wachumba waanze kujifunza miezi kadhaa kabla ya ndoa, ili binti aujue mwili wake akiwa hana haraka. Alikubali kwa sharti kwamba nisifundishe peke yangu. Kwa hiyo mimi nakaa na wasichana, na Baba Watoto anakaa na vijana wa kiume chini ya mwarobaini nyuma ya ofisi ya parokia, daftari letu la zamani likiwa magotini. Maswali yao ni yaleyale: siku zote hizo mtu anaishije, na mke akikudanganya rangi je? La kwanza huwa anawajibu kwamba msimu wa kahawa wanakaa shambani siku ngapi bila kufa. La pili anawaambia kwamba kama mnadanganyana rangi, tatizo lenu ni kubwa kuliko ute, waje waonane na paroko kabla ya kuchapisha kadi za harusi. Kundi lililopita wachumba wawili waliahirisha ndoa. Wazazi wao wametununia, na michango ilikuwa imeshaanza kukusanywa.